Kofia ya leza na nywele zako: maswali yenu ya wiki

Kofia ipi ya leza ni bora kwa nywele zinazonyonyoka?

Swali hili huja kila wiki, na kila wiki muulizaji hasemi nywele zake zinanyonyokaje. Mwanga mwekundu wa kofia hizi una ushahidi kwa upara wa kurithi, ule unaoanzia utosini au kwenye paji na kwenda polepole. Zikidondoka miezi 2 au 3 baada ya kujifungua au homa kali, kwa kawaida hurudi zenyewe. Mabaka ya duara mara nyingi yanatokana na kinga ya mwili kushambulia nywele, na yana matibabu yake. Wenye kichwa kinachouma, kuwaka au kutoa usaha wamwone daktari wa ngozi sasa hivi, kwa sababu kovu likishafunika shina la nywele hakuna mwanga utakaolirudisha. Pima pia damu, madini ya chuma na tezi ya shingo. Ukishajua unachotibu, chagua kifaa kinachotaja urefu wa mawimbi ya mwanga wake, takriban nanomita 630 hadi 680. Kisichotaja, kiache dukani.

Nakaa chini ya mwanga saa nzima kila siku ili nipone upesi. Ni sawa?

Hapana, punguza leo. Mwanga huu huchochea seli kwa dozi ndogo. Ukizidi, faida hupungua na inaweza kugeuka kizuizi. Vifaa vingi vya nyumbani hutaka dakika 15 hadi 30, siku moja ukiruka moja. Fuata maelekezo ya kifaa chako, maana nguvu zake zinatofautiana.

Taa ya kukaushia rangi ya kucha inafaa?

Haifai hata kidogo. Ile hutoa mionzi ya urujuanimno (UV), si mwanga mwekundu.

Nimesuka. Naweza kuvaa kofia juu ya nywele?

Utapoteza muda. Nywele huzuia mwanga, na wigi huuzuia kabisa. Fumua, osha mafuta, kausha, kisha gawa nywele mistari ili ngozi ionekane. Na kama zinakatika pembeni mwa paji, legeza msuko kwanza. Kuvutwa kwa muda mrefu huua mashina, na watu wananunua mashine za bei kubwa huku wakiendelea kukazwa vilevile.

Wiki ya nne zinadondoka zaidi. Nimeibiwa?

Si lazima. Miezi miwili ya mwanzo baadhi ya watu hupukutika, nywele zilizopumzika zikipisha mpya. Ikiendelea baada ya hapo, kamwone daktari. Piga picha kila mwezi, mahali pamoja, mwanga uleule, nywele zimegawanywa vilevile. Usihukumu kabla ya miezi 6. Ukiacha, faida huondoka taratibu. Anayetumia minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, asiiache: viwili hivi husaidiana.

Muuzaji anasema kofia yake imeidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani.

Mwulize modeli gani. Mwaka 2007 FDA iliruhusu kitana cha leza cha HairMax kwa wanaume, na 2011 kwa wanawake. Ruhusa hiyo haivishwi kila kofia nyekundu. Tena maelekezo ya HairMax yanataja ngozi nyeupe hadi kahawia ya wastani. Ngozi nyeusi hufyonza mwanga zaidi, kwa hiyo anza na muda mfupi na uache ikichoma.

Natumia doksisiklini kwa chunusi. Kuna tatizo?

Lipo. Dawa hiyo huifanya ngozi iumizwe kirahisi na mwanga. Maliza dozi kwanza, kisha mwulize daktari wako lini uanze.