Maswali yenu: penseli ya miaka minne, uji wa nafaka saba na katuni za kutwa

*Mwanangu ana miaka minne. Mtoto wa jirani, rika lake, anahesabu mpaka hamsini na kuandika. Wangu penseli anaishika kama mwiko. Mwalimu wa chekechea anataka nimlipie tuisheni ya jioni. (Mama, Mbagala)*

Mama, hela hiyo nunua mayai. Vidole vya miaka minne bado vinatafuta nguvu, na haviipati kwa kunakili "a" ukurasa mzima huku mtoto akilia. Vinaipata kwa kumenya karanga, kukanda unga wa chapati, kufunga vifungo vya shati, kuchora mchangani kwa kijiti.

Jioni mpe vizibo vitano vya soda na bakuli la maharage. Avipange mstari, kila kizibo akiwekee harage moja, kisha kimoja akiwekee mawili. Mwulize kipi kimepata mengi. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo. Na huyo wa jirani, siku moja mtume akuletee vijiko vinne. Akija na gao zima, ujue hamsini zile anaziimba tu, na si kosa lake, ndivyo alivyofundishwa.

Haraka ya nini, kwanza? Sera ya Elimu ya mwaka 2014 imeweka mwaka mzima wa darasa la awali kabla ya darasa la kwanza, na shule za serikali hazitozi ada.

*Naendesha bodaboda. Natoka alfajiri, narudi usiku. Vitu vya kuchezea vya dukani sivimudu. Mtoto wangu si ataachwa nyuma? (Baba, Tandale)*

Ndugu yangu, nikupeleke Kingston, Jamaica. Miaka ya 1980 wahudumu wa afya wa mitaani walikuwa wakizitembelea familia maskini zenye watoto waliodumaa, mara moja kwa wiki kwa miaka miwili. Walikaa na mama, wakamwonyesha namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye vijana wale walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakupata huduma hiyo. Hakuna aliyewanunulia vitu vya kuchezea dukani.

Wewe una pikipiki. Siku unayoiosha, mpe kitambaa chake. Mnyororo huu, taa hii, tairi la nyuma kubwa au la mbele? Akiuliza mafuta yanaenda wapi, mjibu, hata kama ni mara ya kumi. Na mama yake akimwacha akajipikilishe na wenzake uani kwa makopo na udongo, asimwite mchafu.

*Mjukuu wangu wa miaka mitatu ni mfupi kuliko wenzake. Kila asubuhi nampa uji wa lishe wa nafaka saba. Mbona haongezeki? (Bibi, Buguruni)*

Shikamoo bibi. Hauko peke yako: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini huo uji, nisamehe, unasifiwa kupita kiasi. Mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano vinafanya karibu kazi moja, kumpa nguvu. Nafaka moja yatosha. Kinachokosekana ni dagaa waliosagwa, yai, maharage, mchicha, kipande cha papai. Karanga zilizokunjamana au kuota ukungu zitupe, usizisage, zina sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Mpeleke kliniki wampime urefu, si uzito peke yake, na uulize kama amepata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A. Hutolewa kila miezi sita.

*Dada wa kazi anamwekea katuni kutwa ili atulie. Ana miaka mitatu. (Mama, Temeke)*

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Ila simlaumu dada aliyefungiwa chumba kimoja na mtoto, nguo za kufua na jiko. Mruhusu atoke naye nje.

*Kituo cha mtaani kwetu kina watoto wengi na mlezi mmoja. Nimtoe? (Mama, Manzese)*

Kwanza uliza kama kimesajiliwa na ustawi wa jamii. Kisha nenda saa nne asubuhi bila taarifa. Tazama choo, maji ya kunawa na kama geti linafungwa. Sikiliza mlezi anavyowaita watoto: kwa majina, au kwa fimbo? Kelele za mchezo zisikutishe. Ukikuta wote wamelazwa sakafuni saa hiyo, kimya, ondoka na mwanao siku hiyo hiyo.