Mgongo wa punda unachubuka: usiongeze gunia

Ndugu yangu, umesema punda wako hapo Lamu amechubuka mgongo tangu uanze kumbebesha mchanga, na unauliza kama gunia la pili la kumtandika chini ya mzigo litamsaidia. Usiongeze. Gunia la nailoni halinyonyi jasho, linateleza na kumsugua zaidi.

Tafuta blanketi kuukuu la pamba. Likunje liwe nene kulia na kushoto kwa uti wa mgongo, katikati uache mfereji mtupu, mzigo usikalie mfupa. Ukishamtandika pitisha kiganja chini ya blanketi: mkunjo mmoja au punje za mchanga zinatosha kumchuna. Lifue mara kwa mara, jasho likikauka hukwaruza.

Ila kwanza mpumzishe mpaka kidonda kifunge kabisa. Wangu nilimrudisha kazini mapema, kikachimbika upya. Ukiona usaha, mpeleke kliniki ya punda hapo mjini leo hii.