Mimba ya Mapacha: Uzito Uongezeke Vipi?

Ukishaambiwa kwenye ultrasound kwamba ni wawili, kila mtu anataka kukulisha. Mama mkwe anakusimamia umalize sahani, jirani analeta wali, wifi anakwambia sasa mnakula watatu. Wananitakia mema, na wengine ndio walionishika mkono mpaka nikajifungua salama. Ila mama mwenzangu, uzito wa mimba ya mapacha haujengwi na mlima wa ugali. Unajengwa na chakula kidogo chenye nguvu, kinacholiwa mara nyingi, tena kuanzia mapema.

Nasema mapema kwa sababu mapacha wengi hawangoji wiki 40. Wengi huzaliwa kwenye wiki ya 36 au 37, na kufikia hapo tumbo limebanwa kiasi kwamba nusu bakuli tu inakushibisha, kiungulia juu yake. Kilo unazopata kabla ya mimba kuwa kubwa sana zinawasaidia watoto wasizaliwe na uzito pungufu.

Kilo ngapi basi? Mwongozo unaotumika sana ulitolewa Marekani mwaka 2009. Aliyeanza mimba na uzito wa kawaida kwa urefu wake anatarajiwa kuongezeka kilo 17 hadi 25 mpaka kujifungua. Aliyekuwa mnene kiasi, kilo 14 hadi 23. Aliyekuwa mnene sana, kilo 11 hadi 19. Aliyekuwa mwembamba sana apangiwe lengo lake na daktari. Kwa hiyo usijilinganishe na uliyekaa naye benchi moja kliniki, hata kama naye ana mapacha. Wahi kliniki ili uzito wako wa mwanzo uandikwe kwenye kadi, na kila ukishuka kwenye mizani mwombe nesi akusomee namba mpya na ile ya mara iliyopita. Ni haki yako kuijua.

Chakula cha ziada kinachokadiriwa kwa mapacha ni kama kalori 600 kwa siku. Vikombe viwili vya maziwa, mayai mawili na kiganja kimoja cha karanga vinakufikisha hapo. Wala si sahani ya pili ya wali.

Mimi nilibebwa na uji. Unga wa ulezi, uive vizuri, halafu karanga zilizosagwa laini, na maziwa mwishoni. Niliuweka kwenye chupa ya chai karibu na kitanda, maana njaa ya mapacha inaamsha mtu usiku wa manane. Mchana dagaa waliochambuliwa na kuoshwa mpaka mchanga uishe, wakaungwa kwa nyanya na kitunguu. Ukiwatafuna na miiba yao unapata protini na madini ya mifupa kwa bei ndogo. Maharage, kunde, matembele, parachichi likiwa msimu. Na nyama ikipikwa, hata kama nyumbani kwenu kipande kikubwa ni cha baba, miezi hii kiwe chako. Hilo nalisema bila kuona haya, na akina baba wanaosoma hapa walishike.

Kichefuchefu cha mapacha mara nyingi huwa kikali zaidi. Kula kitu kikavu kabla hujainuka kitandani, na usiruhusu tumbo kuwa tupu. Ukitapika hata maji, nenda hospitali ukaongezewe maji.

Vidonge vya kuongeza damu usiviache, hata kama choo kinakuwa cheusi, ni kawaida. Vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, na chai iwe mbali na vidonge na mlo, kwa sababu inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Wekundu wa damu ukiwa chini ya 11, mwulize daktari dozi ibadilishwe vipi.

Kuna uzito mmoja ambao si wa kufurahia: ule unaopanda ghafla ndani ya siku chache, uso na mikono vikavimba, kichwa kikauma na macho yakaona ukungu. Hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba, na wenye mapacha tunakipata zaidi ya wengine. Usiambiwe ni kunenepa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.