Mwanangu, kuhusu uzito wako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na umenikaa moyoni. Daktari huko Kampala amekupima kilo na kimo, akapiga hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na kimo, akakuambia umepita 30, yaani umeingia kwenye unene wa kupindukia. Kaka yako akasema ni ulafi tu. Sasa unaniuliza: "Mama, kosa ni langu? Na kama si langu, mbona ni mimi ninayeambiwa nipungue?"

Kosa si lako. Nakuambia hivi nikiwa muuguzi kwanza, mama baadaye. Umbo la mwili hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Watazame shangazi zako: wanakula sahani moja na mawifi zao, lakini miili yao haifanani hata kidogo.

Tena mwili ukinyimwa chakula hupigana. Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani yao walijitolea kulishwa karibu nusu ya walichozoea kwa miezi sita, ili wataalamu wajifunze namna ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Walikuwa wanaume wenye afya njema na msimamo. Wakaanza kuota chakula usiku, kulamba sahani, kukusanya vitabu vya mapishi. Jaribio lilipokwisha, baadhi yao walikula na kula wasishibe. Nani atawaita walafi? Na mwaka 2016 ulitolewa utafiti mwingine wa huko huko Marekani juu ya watu 14 waliokuwa wamepungua sana kwenye mashindano ya televisheni. Miaka sita baadaye wengi walikuwa wamenenepa tena, na miili yao ilikuwa inatumia karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwambie kaka yako asome hayo kabla hajafungua tena mdomo.

Sasa, mbona wewe? Kwa sababu kisukari hakiulizi kosa ni la nani. Presha nayo haingojei tumalize kubishana. Mimi siwezi kutembea kwa niaba yako, wala daktari hawezi. Lakini lisikutishe, kwa maana kazi yenyewe si kurudi ulivyokuwa shuleni. Mtu wa kilo 100 akipunguza 5 hadi 10, presha na sukari yake huanza kukaa vizuri, hata kama bado anaitwa mnene.

Anza na soda. Chupa ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai, na wewe huinywa juu ya rolex, zile chapati mbili zilizoviringwa na mayai. Maji yatakutosha. Matoke usiyaache, ila mboga za majani na maharage vijaze nusu ya sahani. Kutembea, Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki. Najua barabara za Kampala, bodaboda zinapanda hadi pembeni mwa njia, kwa hiyo tembea asubuhi wakati magari ni machache. Na ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, mwulize daktari, maana baadhi ya wanawake huwanenepesha. Usiiache kabla hujapewa njia nyingine. Chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa kwenye taksi, usiviguse kabisa.

Umeandika pia kwamba unaogopa ukipungua watu watasema unaumwa. Hofu hiyo naielewa mno. Miaka ya 1980, upande wa Rakai na Masaka, ukimwi tuliuita silimu kwa jinsi ulivyowakausha watu. Sisi tuliowauguza na kuwazika, hadi leo tukimwona mtu amejaa, roho hutulia. Ndiyo maana ukija nyumbani unapokelewa kwa "umenawiri, Kampala imekukubali", kisha sahani inajazwa mara ya pili na ukikataa unaambiwa una maringo. Hilo si jukumu lako peke yako. Ni letu sisi tunaopakua. Nitazungumza na shangazi zako kabla ya Idi, na jikoni nitasimama mwenyewe.

Wiki hii nenda kituo cha afya asubuhi, kabla hujala wala kunywa chai, upimwe sukari na presha. Waambie wakuandikie namba za vipimo vyote viwili kwenye karatasi, kisha unipigie unisomee.

Mama yako