Divai nyeupe kavu: nunua kwa mwenye mizabibu

Ndugu na marafiki tunaoishi nao huku Ulaya wakiniuliza wanunue divai gani nyeupe kavu bila kumaliza mshahara, nawajibu Muscadet Sèvre et Maine, tena ya familia inayolima mizabibu yake yenyewe. Hutoka pembeni mwa jiji la Nantes, magharibi mwa Ufaransa, si mbali na mahali mto Loire unapoingia Atlantiki. Chupa nzuri ya mkulima naipata kwa chini ya yuro 12. Kwa Burgundy nyeupe yenye maana, divai maarufu ya mashariki mwa Ufaransa, bei hiyo sahau.

Divai kavu si divai iliyogeuka siki, maana wengi huikimbia wakidhani hivyo. Ni ile ambayo sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kileo: kwa kanuni za Umoja wa Ulaya isizidi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 ikiwa asidi yake ni nyingi. Wala usidhani Muscadet ni Muscat, ambayo ni zabibu nyingine kabisa, yenye harufu nzito ya maua. Zabibu ya Muscadet ni Melon de Bourgogne, iliyoenea huko baada ya baridi kali ya 1709 kuua mizabibu mingi.

Kwenye lebo tafuta maneno sur lie. Ina maana divai iliachwa juu ya mashapo ya chachu kipindi chote cha baridi, na hairuhusiwi kutiwa kwenye chupa kabla ya tarehe 1 Machi. Chachu hiyo iliyokufa ndiyo inayoipa uzito kidogo mdomoni na harufu kwa mbali ya mkate, na gesi iliyobaki humo huleta ule mchomo mwembamba kwenye ncha ya ulimi. Mimi isiyo sur lie siinunui.

Kujua kama ni ya familia kweli kunahitaji macho. Picha ya jumba la kifahari haithibitishi kitu. Hata maneno mis en bouteille à la propriété, yaani imetiwa chupani shambani kwenyewe, yanaweza kutumiwa na chama cha ushirika. Angalia juu ya kifuniko cha kizibo: chupa nyingi zina kichwa cha Marianne, yule mwanamke anayewakilisha Jamhuri ya Ufaransa, na herufi ndogo pembeni, R kwa mvunaji, N kwa mfanyabiashara anayenunua kwa wengine. Kuna pia nembo ya Vigneron Indépendant, yaani mkulima wa mizabibu anayejitegemea: mtu aliyebeba pipa begani. Ukiona nembo hiyo, jina la ukoo na jina la kijiji, umefika.

Ukiweza, nenda mwenyewe. Piga simu kwanza, na usiende Septemba wakati wa mavuno. Hakuna atakayekuwa na muda nawe. Usijipulizie manukato siku hiyo, utawaharibia wenzako pua. Kuonja mara nyingi ni bure, lakini kuondoka mikono mitupu baada ya mama mwenye nyumba kukufungulia chupa tano si uungwana. Chukua hata mbili tatu. Kutema kwenye ndoo si utovu wa adabu, na anayeendesha gari ateme kweli, maana kikomo Ufaransa ni gramu 0.5 za kileo kwa lita ya damu.

Nyumbani, itoe kwenye friji mapema kidogo. Nyuzi 9 au 10 zinatosha. Ikiwa baridi kama barafu hutaonja kitu. Wenyeji huinywa na chaza wabichi. Mimi huipenda zaidi na kome, au dagaa wa kukaanga wenye ndimu. Samaki wa kupaka huizidi nguvu, nazi inaimeza kabisa. Kwa sahani hiyo muulize mkulima kama ana Clisson au Gorges, Muscadet za vijiji zilizotambuliwa rasmi 2011, ambazo hulala juu ya mashapo zaidi ya mwaka mmoja. Bei hupanda kidogo, na chupa hizo zinakubali kuwekwa miaka kadhaa mahali penye giza na ubaridi, zikiwa zimelazwa.