Vilele vya karafuu vinavyopandana

Umeuliza kama vilele vya eujenoli na asetati yake, viambato viwili vya mafuta ya karafuu, vinaweza kutenganishwa kwenye Raman (kipimo kinachomulika sampuli kwa leza na kusoma mwanga unaotawanyika). Vinatengana sheikh, wala usibadilishe leza: badilisha volteji ya elektrodi inayogusa sampuli. Eujenoli na asetati yake zina pete ileile ya benzini, ndiyo maana kwenye Raman vilele vyao vinalaliana karibu na 1600 cm⁻¹. Lakini eujenoli ina OH (oksijeni na hidrojeni) iliyo wazi, kwa hiyo huoksidika, yaani hupoteza elektroni, mapema kuliko asetati. Ukipandisha volteji kidogo kidogo kwenye elektrodi ya dhahabu iliyokwaruzwa (mikwaruzo huipa ishara ya Raman nguvu), kilele cha eujenoli kinashuka, cha asetati kinabaki; toa spektra ya baadaye kwenye ya mwanzo. Chukua mafuta ya karafuu yenyewe, si ya makonyo (vikonyo vyake), maana hayo asetati yake ni haba. Elektrodi ya fedha ndiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliyoanzia Raman ya namna hii 1974, ila ukipandisha volteji sana fedha inayeyuka. Na elektrodi isafishe kila mara, eujenoli iliyooksidika huigandia.