Chura wa Kihansi na sange wa Udzungwa: maswali yenu

Baada ya kuwaandikia juu ya viumbe hawa wawili wa milima ya Udzungwa, Tanzania, maswali yamemiminika. Leo nayajibu manne.

*Sange si panya tu mwenye pua ndefu?*

Hapana. Ndugu zake ni tembo, pimbi na muhanga. Huyu wa Udzungwa, mwenye uso wa kijivu, ana gramu 700 hivi, na hakuna sange anayemzidi. Kamera iliyotegwa msituni ilimnasa mwaka 2005, akatangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2008. Mchana kutwa hupekua majani makavu akitafuta wadudu, pua ikipinda huku na huko.

*Kwa nini chura alitoweka porini, sange akabaki?*

Makazi yote ya chura yalikuwa kama hekta 2, pale manyunyu ya maporomoko ya Kihansi yalipolowesha majani usiku na mchana. Alitambuliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 uko njiani. Maji mengi yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, vyura wakaongezeka hadi 20,000 hivi mwaka 2003, kisha wakafa kwa miezi michache tu. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulionekana kati yao. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Inaniuma kila ninapoyaandika haya. Sange ana misitu miwili, Ndundulu-Luhomero na Mwanihana, kilomita za mraba 300 hivi. Hata hivyo, moto ukiingia humo, hana pengine pa kukimbilia.

*Ni kweli chura huyo huzaa?*

Kweli kabisa, hana viluwiluwi vya majini. Mama mwenyewe hafiki sentimita 3, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba hata watoto huonekana ndani. Huzaliwa vyura kamili, wa milimita 5 hivi.

*Waliopo leo wametoka wapi, na tunaweza kwenda kuwaona?*

Vyura 499 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, wakazalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Wa kwanza 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwenye korongo la Kihansi. Msiende huko kiholela, maana kuvu husafiri na tope la viatu. Nendeni Mwanihana, ndani ya hifadhi ya taifa, mtembee kimyakimya mkisikiliza majani yanavyochakarishwa.